Nilimjibia Mwanangu Kliniki ya Macho

Kosa ni langu, msimtafute mwingine wa kumlaumu. Si daktari, si mume wangu. Ni mimi na mdomo wangu huu!

Naishi Busunzu, Kibondo. Binti yangu, nimwite Neema, ana miaka minne. Jicho lake la kushoto lilianza kung'aa weupe kila likipigwa na mwanga. Tulipofika kliniki ya macho Kasulu, daktari akasema ni saratani, iko ndani ya jicho lenyewe.

Mama mkwe alikuwa ameshanionya kabla sijapanda gari. "Wakimtoa jicho, usinirudishie hapa mtoto mwenye shimo usoni." Maneno hayo yalinikaa kifuani.

Daktari alikuwa mgeni, kaletwa na serikali kutoka mkoa mwingine, Kiha hajui hata neno. Neema naye Kiswahili hakijui. Basi mkalimani nikawa mimi.

Akamziba Neema jicho la kulia, lile lisilougua. "Mama, nataka kujua kama hili bovu bado linaona. Kama linaona, tutajaribu kuliokoa kwa dawa. Kama limekufa, tulitoe mapema, saratani isipate njia."

Akainua vidole viwili. "Mwambie anyooshe kama vyangu."

Jamani! Nikamwambia mtoto kwa Kiha, "Nyoosha viwili." Akanyoosha viwili. Daktari akaleta tochi, akaiwasha upande wa mlangoni, akataka aoneshe mwanga unatoka wapi. Nikamwambia, "Onesha mlangoni." Akaonesha mlangoni, maskini, mtoto msikivu.

Daktari akakunja uso. "Mboni haishtuki na mwanga. Una uhakika anaona, mama?"

"Si umemuona mwenyewe, daktari?"

Nilitoka pale nikitabasamu. Nilijiona mjanja! Wakaanza dawa, na jicho likazidi kuvimba, mpaka tukapelekwa hospitali kubwa, mbali na kwetu.

Huko walimlaza usingizi kwa dawa, wakambandika nyaya karibu na macho, wakammulika kwa mwanga wa kuwaka na kuzima. Daktari wa huko alinieleza kwamba mashine ile inapima kama retina, ile ngozi ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, bado inafanya kazi. Haimuulizi mtoto, wala haimuulizi mama yake. Kwenye kioo, mstari wa jicho la kulia ulipanda na kushuka. Wa kushoto ulilala tu.

"Hili limekufa siku nyingi," alisema. "Nani alisema linaona?"

Nikamfunika Neema shuka vizuri. 

Jicho lilitolewa, lakini saratani ilikuwa imeshapita kwenye mshipa wa jicho, imefika ubongoni. Tumerudishwa nyumbani na chupa ya dawa ya maumivu. Mama mkwe ndiye anayembeba mgongoni siku hizi, na hilo shimo wala halimsumbui.

Juzi alikuja nesi wa zahanati, Muha mwenzetu. Akamuuliza Neema kwa Kiha panapouma.  Mtoto alinigeuzia uso, akangoja nimwambie aoneshe wapi.

Wewe unayempeleka mtoto kliniki, nakusihi, fikisha swali kama lilivyoulizwa. Jibu likiwa baya, liache liwe baya! Mimi la mwanangu nililipamba, na sasa ananitazama kwa jicho moja akingoja jibu.