Wiki Sita za Taya la Job

Neno lenye silabi mbili lilivunja taya la binamu yangu mahali pawili.

Neno hilo nililitamka mimi. Kwa sauti safi ya mwanakwaya, nikiwa na pumzi ya kutosha na akili isiyotosha.

Kwanza mnijue. Naitwa Mulongo. Wakati huo nilikuwa nimemaliza kidato cha tatu katika shule ya bweni huko magharibi, ambako nilikuwa na heshima zangu. Mimi ndiye niliyemtia chura ndani ya buti ya mwalimu wa zamu. Mimi ndiye niliyepiga kengele ya moto katikati ya mtihani wa fizikia. Viranja waliniogopa. Wapishi waliniombea.

Likizo ya Novemba ikafika, nikarudi nyumbani, mtaa wa Umoja, na sanduku lililong'oka mfuniko.

Binamu yangu Job alikuwa na dawa yake. Alikuwa na miaka kumi na tisa, fundi wa masanduku ya bati kule Kariobangi, kijana mpole ambaye hajawahi kumtukana hata mbwa. Ni mtoto wa shangazi yangu Mideva, ambaye kwetu Waluhya ni Senge.

Job alinitengenezea sanduku jipya kwa mkono wake. La buluu. Ubavuni akaandika kwa rangi nyeupe, herufi kubwa: MULONGO.

"Sasa hata ukifukuzwa shule, utafukuzwa kwa adabu," akaniambia.

Akajitwika sanduku kichwani, tukashika njia ya kupitia sokoni.

Matone ya mvua yakaanza. Rangi ilikuwa bado mbichi. Job, kwa kuihurumia kazi yake, akaanza kukimbia atafute paa.

Mimi nikabaki nyuma, mikono mitupu, namtazama. Kijana anakimbia sokoni na sanduku jipya kichwani.

Shetani hakunisukuma. Nilijisukuma mwenyewe.

"Mwizi! Mwizi wa sanduku! Mshikeni!"

Nilitaka aruke kidogo tu, basi, nicheke hadi Umoja.

Job akageuka. Aliijua sauti yangu, akaanza kucheka.

Hakumaliza.

Muuza ndala mmoja alimtegea mguu. Job akaanguka kifudifudi, sanduku likabingirika. Kabla hajapiga magoti, walikuwa wamemzunguka wanaume kumi na tano. Sijui walitoka wapi. Dakika moja kabla ya hapo walikuwa wakipima viazi.

"Jina lako nani?" mmoja akauliza. Alikuwa na kipande cha bomba la maji mkononi.

"Job! Naitwa Job!"

Yule mtu akatazama ubavu wa sanduku. Akasoma polepole, kama mtoto wa darasa la pili.

"Mu-lo-ngo."

Akainua bomba.

Nimewahi kusikia mtu akivunja muwa kwa goti. Ndiyo sauti niliyoisikia. Bomba lilitua chini ya sikio la kushoto, na kichwa cha Job kikageuka kama kilichovutwa kwa kamba. Mwingine akamkanyaga kidevu. Mwingine akampiga mbavu kwa kibao cha kreti. Damu ikamtoka pamoja na mate, ndefu, haikatiki.

"Leteni tairi!"

Hapo ndipo miguu yangu ilipokumbuka kazi yake. Nikajitosa katikati.

"Ni mchezo, wazee! Ni cousin yangu! Sanduku ni langu!"

"Kumbe wako wawili," mtu akasema.

Ngumi ikanipata mdomoni. Nilijikuta chini ya meza ya sukuma wiki, nina jino moja mkononi badala ya mdomoni.

Na nakiri hili kwa unyenyekevu wote: nilibaki hukohuko chini ya meza.

Aliyejitokeza ni Falis. Falis huuza vitambaa kwa jumla pale sokoni, mama mzito, sauti kama king'ora. Aliwapasua wale wanaume kama mtu anayepita kwenye nguo zilizoanikwa, akafika kwa Job, akamkalia.

Ndiyo. Alimkalia. Akatandaza deraa lake, lile gauni pana, juu yake kama kuku anayeatamia.

"Wallahi, anayetaka kumchoma aanze na mimi!"

"Mama, toka! Huyo ni mwizi!"

"Ameiba nini?"

"Sanduku!"

"La nani?"

Wanaume wakageuka kulitazama sanduku.

"Nimeuliza, la nani? Mwenye sanduku yuko wapi? Mnaua mtoto wa watu na hata aliyeibiwa hamumjui?"

Nikanyoosha mkono kutoka chini ya meza.

"Langu, mama. Nilimpa anibebee."

Yule wa bomba akaliangalia bomba lake kana kwamba amepewa alishike.

"Na aliyepiga kelele ni nani?" Falis akauliza.

Macho yote yakaniangukia. Job naye aliniangalia, akiwa chini ya deraa, taya limeteremka upande mmoja kama droo isiyofungika.

"Sijui," nikasema. "Alikimbilia kule."

Wanaume watatu wakatimka kwenda kumtafuta. Waliobaki wakarudi kwenye viazi vyao.

Hospitalini tulipokewa na Daktari Nakhumicha, mpasuaji wa mdomo na mataya. Mfupi, mikono kama ya fundi wa magari. Senge Mideva alifika akiwa bado na aproni ya kiwandani.

"Uma meno," daktari akamwambia Job.

Meno hayakukutana. Ya mbele yalibaki wazi kama mlango uliong'oka bawaba. Chini ya ulimi damu ilikuwa imevilia, nyeusi. Akamgusa mdomo wa chini kwa ncha ya sindano.

"Unasikia?"

Job akatikisa kidole: hapana.

Akampa kijiti cha mbao akiume, kisha akakizungusha taratibu. Job akalia kwa sauti ambayo sitaki kuielezea.

"Limevunjika," daktari akasema. "Tuone ni wapi."

Wakamsimamisha kwenye mashine inayomzunguka mtu kichwa na kupiga picha ya mataya yote. Picha ikatokea. Mstari mmoja karibu na kidevu, mwingine kwenye pembe ya kushoto.

Daktari akainama. Akaisogelea ile pembe.

"Job, upande huu umekuwa ukikuuma tangu lini?"

Job akaonyesha kidole kimoja. Mwaka mmoja.

"Alisema ni jino," Senge akasema. "Nilikuwa nikimpa karafuu."

"Si jino, mama. Tazama hapa palipo na giza. Mfupa umeliwa kwa ndani, limebaki ganda kama la yai. Kuna uvimbe."

Kinyama kikakatwa, kikapelekwa maabara. Majibu yalichukua wiki mbili. Uvimbe huo, daktari alieleza, hausambai mwilini, ila hula mfupa bila haraka, na usipoondolewa wote hurudi.

"Ungemaliza mwaka mwingine bila kujua, ningelazimika kutoa nusu ya taya," akasema. "Sasa nitatoa kipande tu."

Upasuaji ulichukua saa sita. Alikata kile kipande cha mfupa, akaunganisha pengo kwa bamba la chuma maalumu na skrubu, kisha akafunga meno ya juu na ya chini pamoja kwa nyaya. Wiki sita bila kufungua mdomo. Kando ya kitanda ikaning'inizwa koleo ya kukata nyaya upesi, endapo atatapika, asije akasongwa.

Sasa ndipo msiba wangu ulipoanza.

Senge alipiga magoti palepale wodini.

"Bwana, aliyepiga kelele ile sokoni, umbariki popote alipo! Bila yeye tusingejua!"

Wagonjwa wa wodi nzima wakaitikia amina. Mimi pia. Amina yangu ilikuwa nzuri kuliko zote.

Job, uso umevimba kama unga uliochachuka, akachukua simu yake, akaandika, akanionyesha.

"Nilisikia sauti yako."

Akaandika tena.

"Nyaya zinakatwa Ijumaa ya kwanza ya Januari. Neno langu la kwanza litakuwa jina lako. Kama hutaki, tangulia kusema."

Wiki sita!

Nilijaribu kila siku. Wallahi nilijaribu. Lakini kila nilipofungua kinywa, Senge alikuwa akimbariki yule mtu. Alitoa ushuhuda kanisani, waumini wakalia. Mchungaji alimwita "chombo kisichojulikana". Ningemwambiaje mwanamke huyo kwamba chombo ndicho kile kinachokula chapati zake?

Krismasi tulikula kuku. Job alikaa mbele yangu na kikombe cha supu, akiifyonza kwa mrija aliopitisha shavuni hadi nyuma ya gego la mwisho. Alikuwa amepungua kilo tisa. Hakuniondolea macho. Niliweka paja la kuku chini.

Ijumaa ikafika.

Daktari Nakhumicha akaanza kukata. *Tap.* Waya wa kwanza ukaanguka kwenye sahani ya chuma. *Tap.* Wa pili. Senge alikuwa amesimama na leso, tayari kulia. Zilikuwa nyaya nane.

Wa tano. Wa sita.

Job akageuza macho akanitazama.

Wa saba.

"Senge," nikasema. "Ni mimi."

"Wewe nini, baba?"

"Niliyepiga kelele. Sokoni. Nilikuwa nikicheza."

Koleo ikasimama hewani.

"Rudia," Senge akasema, taratibu sana.

"Lakini Senge, si uvimbe ulipatikana? Wewe mwenyewe ulisema abarikiwe..."

Kofi la kwanza lilinikatiza. La pili lilinigeuza. Kisha akavua kiatu.

"Uvimbe umeonyeshwa na Mungu! Kelele ni yako! Usinichanganyie!" Kiatu begani. "Mtoto wangu aliitiwa tairi!" Kiatu mgongoni. "Na amina uliitikia!" Kiatu kichwani. "Uliitikia amina, Mulongo, nikakusikia!"

"Mama, hii ni kliniki!" daktari akapaza sauti.

Senge akasimama akihema, kiatu juu. Daktari, nadhani kwa kuokoa maisha yangu, akakata haraka ule waya wa nane.

"Job, fungua mdomo polepole. Basi, upana wa kidole unatosha kwa leo. Hebu sema neno moja tu, lolote."

Senge akaanza kutokwa na machozi. Mimi nilikuwa nimejikunja kwenye kona, nikimtazama Job kwa macho ya kuomba.

Taya likatetemeka. Likashuka kidogo. Sauti ikatoka, kavu, ya mtu aliyenyamaza wiki sita.

"Mama... ongeza."

Na Senge akaongeza.

Sasa sikilizeni ninyi mnaopenda vicheko kama mimi. Wale wanaume kumi na tano bado wako sokoni, wanapima viazi, na hakuna hata mmoja aliyekuwepo siku ile, waulizeni. Hapa kwetu neno lile halina mchezo, na likishatoka mdomoni si lako tena.

Na ukimrushia mtu jiwe, likampita likaua nyoka nyuma yake, usingoje kushukuriwa. Wewe hukumwona nyoka. Ulimlenga mtu.