Shetani wa Rangi ya Papai

Harufu ya sabuni ya kipande kwenye plasta ya sanamu iliyolowa bado hunirudisha kanisani kwetu ugenini, mtaa wa Malvern, Septemba ya mwaka 2015, nilipokuwa na miaka kumi na mitatu. Kila mwaka, Jumamosi kabla ya sikukuu ya Malaika Mikaeli, akina mama Wakongo wenzetu waliosha sanamu zote na kuzifunika vitambaa vyeupe, zipate kufunuliwa Jumapili katikati ya wimbo. Mikaeli wetu aliletwa zamani kutoka Ulaya. Alikuwa mweupe kama maziwa, na nywele zake za dhahabu zilifanana na zile za pakiti tulizouza kwenye saluni ya mama. Chini ya mguu wake alilala shetani: mweusi tii, pua pana, midomo minene, nywele za kipilipili. Mchongaji alikuwa na dunia nzima ya kuchagulia uovu sura, akachagua yangu.

Kazi ya kumwosha shetani niliachiwa mimi. Mama Georgette, kiongozi wa waosha sanamu, alinirushia kitambaa mbele ya wote. "Sifa, osha ndugu yako! Sugua sana, labda atatakata, na wewe umfuate." Akina mama walicheka, na watoto wao wakalibeba hilo jina hadi shuleni: Ndugu ya Shetani. Mama Georgette mwenyewe alizaliwa mweusi kama mimi, ila alijipaka krimu miaka mingi mpaka uso ukawa rangi ya papai bivu. Viungo vya vidole tu ndivyo vilivyokataa, vikabaki vyeusi. Nilipomlilia mama yangu, aliyekuwa msusi, alinifuta machozi akasema, "Nyamaza, mwanangu. Vichwa vyao njo vinatulisha," maana wao ndio waliokuwa wateja wake. Nilikuwa mtoto wa haya, sikuwahi kumjibu mtu. Lakini kimya kingi kina mshindo mkuu.

Wiki hiyo mchoraji alikuwa amechora wanawake wenye misuko kwenye ukuta wa saluni yetu, Jules Street, akasahau kikopo cha rangi ya papai aliyopaka nyuso zao. Nilikibeba ndani ya ndoo yangu. Akina mama walipotoka kunywa chai, tulibaki mimi na shetani peke yetu. Nilijua nikigunduliwa wateja watatukimbia, saluni itabaki tupu, na bado nilifungua kikopo. Nilimpaka taratibu, kama ninavyosuka hadi leo: paji, mashavu, masikio, shingo, mikono. Viungo vya vidole niliviacha vyeusi. Kisha nikamfunika vizuri, kama mtu anayemlaza mtoto.

Jumapili, Mama Georgette alivuta kitambaa kwa madaha, maana ndiyo ilikuwa heshima ya kiongozi. Wimbo ulikatika. Kijana mmoja akapaza sauti kutoka benchi la nyuma, "Eish! Mama Georgette, ni wewe huyo?" Kicheko kilianza huko, kikapanda mpaka kwa wanakwaya. Mama Georgette alitazama vidole vya shetani, akaficha vyake ndani ya kitenge. "Nimeonewa!" alilia. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Mama yangu aliona rangi kwenye kucha zangu. Aliuvuta mkono wangu chini ya mtandio wake, akaendelea kuimba peke yake, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia.

Shetani alipakwa weusi upya wiki hiyo hiyo, bila kusuguliwa kwanza. Kwa hiyo rangi hubanduka, na papai huchungulia shavuni. Kila Septemba mimi huenda kumtazama. Simwombei msamaha wala sijiombei. Shule niliiachia msingi, lakini vidole vyangu vilijifunza kusuka vizuri kuliko vya mama, na Malvern nzima inajua. Jumamosi iliyopita Mama Georgette alikaa kwenye kiti changu, uso wake umebaki mabaka ya krimu. Alinipa kichwa chake mwenyewe, kama nilivyopewa mimi kile kitambaa.

"Pole pole, mwanangu," alisema. "Kichwa changu kinaumaka."

"Ndiyo, Mama," nikajibu, nikaanza kusuka kwenye ukingo wa paji, pale panapouma zaidi.