Nguo za Jorrit

Geeske Hoekema alikata mapazia kwa miaka thelathini na miwili katika duka moja la Harlingen, mji wa pwani huko Uholanzi, na hakuna mteja aliyewahi kurudisha pazia kwa kuwa fupi. Alipima mara moja, akakata. Duka lilipofungwa, naye akiwa tayari mjane, alijiunga na wanawake wanaokutana kila Jumanne kushona mifarishi ya viraka. Si ya kujifunika hiyo. Ni ya kutundikwa ukutani, kiraka juu ya kiraka mpaka kitambaa kinageuka mawingu, au uso wa mtu. Kwa mara ya kwanza maishani alikata bila kuambiwa na mtu akate wapi.

Mjukuu wake Jorrit alikuwa na miaka mitatu homa ya uti wa mgongo ilipompata. Alhamisi alikuwa jikoni kwa bibi yake akila mkate wa sukari. Jumamosi hakuwapo tena duniani. Baada ya mazishi, mama yake mtoto, Wytske, binti wa pekee wa Geeske, alikuja na sanduku la nguo.

"Niwekee darini, Mama. Siwezi kuziona, na kuzitupa siwezi."

"Ziache kwangu, mwanangu."

Ikapita miaka minne, na Wytske hakuliulizia hata mara moja. Kisha siku moja Geeske alipanda darini, akafungua sanduku, akakuta nondo wametoboa mkono wa sweta ya buluu. Alizishusha zote, akazifua, akazianika, na zilipokauka akakaa akiziangalia. Hapo ndipo wazo lilipomjia. Alijiambia anaziokoa.

Baukje, shoga yake wa Jumanne, alimwona akikata pajama ya mistari.

"Umemuuliza Wytske?"

"Nataka kumshtukiza."

"Bibi wewe, kuna kumshtukiza mtu na kuna kumshtua."

Geeske alicheka, akaendelea kukata.

Kazi ilimchukua miezi saba. Alishona ufuko wa Harlingen maji yakiwa yamekupwa: matope ya kijivu kutokana na suruali, vijito kutokana na sweta, anga kutokana na pajama. Mbali kabisa aliweka umbo dogo la njano, lililotokana na koti la mvua, likitembea kuelekea majini. Ilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kuzishika mkononi, naye alilijua hilo.

Mwezi wa Julai mifarishi ya kikundi ilitundikwa katika kanisa la zamani. Watu walipita mbele ya wa Geeske, wakarudi tena. Mgeni mmoja alisimama akijifuta macho. Wytske alifika saa nane, akatembea akitabasamu mpaka alipofika pale, kisha akasimama wima. Alisogeza uso karibu na kile kitambaa, akavuta pumzi.

"Umezifua," alisema.

"Lazima zifuliwe kwanza, mwanangu. La sivyo kitambaa hupungua kikishashonwa."

"Zilikuwa na harufu yake."

Geeske aliinua macho, akautazama mfarishi.

"Nilikupa uziweke, Mama. Sikukupa uzikate." Wytske hakupaza sauti. "Na umemtundika hapa, kila mtu amtazame."

Akaondoka. Jioni wageni walipopiga kura, mfarishi ule ulipata tuzo. Baukje ndiye aliyekwenda kuipokea.

Simu za Geeske hazikupokelewa. Mwezi wa Septemba aliuteremsha mfarishi kutoka ukuta wa kanisa, akaanza kuufumua, mshono mmoja baada ya mwingine, kwa sindano, amevaa miwani miwili kwa pamoja. Baukje alimsihi aache.

"Umeshaharibu mara moja, shoga. Ukiufumua utakuwa umeharibu mara mbili."

"Najua."

Alitaka angalau pajama irudi kuwa pajama. Lakini vipande vingine vilikuwa vimepunguzwa pembeni, na mabaki yake yalishakwenda na takataka zamani. Kufikia Machi alikuwa ameunga alichoweza. Alimwandikia binti yake barua ya mistari miwili.

Wytske alikuja. Hakuvua koti. Alisimama mlangoni, akaipokea pajama, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye mishono iliyokatiza mistari huku na huku.

"Mkono huu mfupi."

"Kipande chake kilipotea. Nimetafuta, mwanangu. Nimetafuta sana."

"Naam."

"Nisamehe."

Wytske aliikunja ile nguo taratibu, kama inavyokunjwa nguo ya mtoto, mikono kwanza. "Sijui kama naweza, Mama," alisema. "Nimejaribu."

Alikwenda kwenye gari lake, akaketi muda mrefu bila kuliwasha, uso ameuzamisha katika pajama. Geeske alimwona kutoka dirishani. Mara mbili alishika kitasa cha mlango, mara mbili akakiachia. Gari likaondoka.

Siku hizi huzungumza kwa simu siku za kuzaliwa, habari za hali ya hewa na za afya. Geeske bado huenda kwa wanawake wa Jumanne. Hushona vitambaa vya dukani tu, vipya, ambavyo havijawahi kuvaliwa na mtu.