Sufuria Zangu Hazioshwi kwa Mchanga

Nilipoolewa Kasingirima, hapa Ujiji, mama yangu alikuja kutoka Kidahwe na sufuria za stenlesi alizozifunga kwenye kitenge. Zilikuwa nzito, zenye kitako kinene, unajiona meno ndani yake. Alinikabidhi mbele ya wakwe, kila mtu akashuhudia, kisha akanivuta uani na kuniambia kwa Kiha, kwa sauti ya chini, nisimruhusu mtu yeyote kuzisugua kwa mchanga.

Alijua anachosema. Ujana wake wote aliosha vyombo vya watu, kwenye harusi, kwenye misiba, kwenye nyumba za wenye maduka. Alisugua sufuria za alumini kwa mchanga na majivu mpaka zikawa nyeupe kama zimetoka kiwandani, na vidole vyake vikapasuka. Akikamua ndimu alikuwa anauma meno. Watu walizisifu sufuria tu. Mimi ndiye niliyekuwa nampaka mawese kwenye ile mipasuko, na nilijiapia mapema kwamba mikono yangu haitapita njia hiyo.

Sasa huku kwetu Ujiji mke anapimwa kwa vyombo vyake. Asubuhi wanawake wanashuka ziwani na makarai, wanachota mchanga, wanasugua, na kila mmoja anachungulia karai la mwenzake. Sufuria yenye weusi kitakoni inazungumzwa mtaa mzima. Mimi nilioshea uani, kwa maji ya vuguvugu, sabuni ya maji na dodoki nililolipanda mwenyewe kwenye uzio. Wifi yangu mkubwa, dada wa mume wangu, aliyekuwa amerudi kwa mama yao, nyumba ya pili kutoka kwetu, baada ya ndoa yake kuvunjika, alisimama mlangoni akanitazama.

"Wifi, unaosha sufuria au unaogesha mtoto?"

"Naosha sufuria."

"Mbona huisugui?"

"Nikiisugua kwa mchanga itapata mikwaruzo. Ikikwaruzika, chakula kinanasa. Kesho nitasugua zaidi, keshokutwa zaidi. Sitaki kazi ya namna hiyo."

Akaenda kumwambia mama mkwe kwamba nimesema sitaki kazi.

Basi ikawa hivyo. Nikaitwa mvivu, mwenye kujidai, mwanamke wa sufuria za maonyesho. Nilipokuwa napita, kuna waliokuwa wananyamaza. Sikubadili kitu. Mawese yalipoacha rangi ya machungwa kwenye kingo, niliyafuta kwa sabuni na maji ya moto. Moto mkali ulipoacha madoa ya rangirangi kama mafuta juu ya dimbwi, nilipitisha nusu ya ndimu, nikasuuza, nikakausha kwa kitambaa laini. Hata lile bati la stenlesi ambalo mume wangu alilipigilia juu ya meza ya jikoni nililifuta kwa kufuata mistari yake, sikulifuta kwa kuzungusha mkono.

Kisha ikaja harusi ya shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Sufuria zangu zilihitajika, nami nikazitoa kwa moyo mmoja. Nilisema jambo moja tu mbele ya wote: zikishatumika, niachieni niziogeshe mwenyewe. Nililitumia neno lao, wakacheka, tukapika.

Asubuhi yake nikaamka nikakuta sufuria hazipo. Nilishuka ziwani karibu mbio. Wifi alikuwa amechuchumaa majini na ile kubwa, ile iliyopikiwa mchuzi wa samaki, migebuka, mkono mmoja umeshika stilwaya na mwingine konzi ya mchanga. Upande mmoja ulikuwa bado unang'aa. Upande wa pili ulikuwa umefifia, mistari imepishana kila upande.

"Niachie hiyo," nikasema.

"Nakusaidia. Watu wamejaa nyumbani, utaacha vyombo vichafu?"

"Niachie, wifi."

Wanawake wote walikuwa wameacha kusugua. Nilimpokonya sufuria mkononi, nikamwaga mchanga, nikazipanga zote moja ndani ya nyingine, nikajitwika. Nilipanda nazo mtaani na maji yakinichuruzika mgongoni. Nilisikia mtu akisema nyuma yangu kwamba huyu ameolewa na sufuria. Sikugeuka. Nilikuwa na hasira, si aibu.

Wageni walipoondoka, mama mkwe akatuita sebuleni kwake. Wifi alikaa karibu naye. Mume wangu alikuwa anatazama mkeka.

"Umemwaibisha mwenzako mbele za watu," mama mkwe akasema. "Na kwenye harusi yetu. Mwombe radhi."

"Kama nilipaza sauti, wifi, naomba radhi kwa sauti yangu," nikasema. "Kwa sufuria siombi. Nilisema zisiguswe, zikaguswa."

"Unataka kutufundisha kuosha vyombo ndani ya nyumba hii?"

"Hapana, Mama. Vyombo vyenu osheni mnavyojua. Vyangu nitaviosha ninavyojua mimi."

Mume wangu akainua macho hapo. "Mama, ni vyake kweli," akasema. Sikumdai zaidi.

Haikupita muda mrefu, mama mkwe akamtuma wifi aje kuazima sufuria ile kubwa. Nikampa. Ilirudi na maharage yaliyoungua mpaka kitako kimekuwa makaa, na mama mkwe mwenyewe akaifuata nyuma, akavuta kigoda akaketi uani kwangu.

"Haya," akasema. "Tuone hilo dodoki."

Niliweka maji, nikatia magadi, yale yale ya kulainishia maharage, nikabandika jikoni. Yalipochemka nikaepua, nikafunika, nikaanza kumenya mihogo.

"Huoshi?"

"Naiacha ipoe."

Alisubiri. Nilipomaliza mihogo nikamwaga maji, na ule ukoko ukatoka vipande vipande kama gome la mti. Uliobaki niliusukuma kwa mwiko wa mti, nikapitisha dodoki. Mama mkwe aliishika sufuria, akaizungusha kwenye mwanga, akapitisha ukucha ndani yake. Halafu akainuka.

"Hata hivyo ni uvivu," akasema.

"Ni uvivu, Mama," nikamjibu.

Mchanga haukuigusa tena sufuria yangu. Ile mikwaruzo haijafutika, na samaki hunasa pale pale hadi leo, nami huloweka tu. Wifi aliolewa tena Ilagala. Akija kututembelea tunasalimiana vizuri na kupika pamoja, ila kuosha naosha mimi.

Mwaka jana mama mkwe alipata ganzi mkono wa kulia, akahamia kwetu. Siku moja nilikuwa naosha sufuria zake za zamani za alumini, akasema kutoka kibarazani nichote mchanga kidogo, hizo zimezoea.

"Sichoti, Mama."

"Na mimi mgonjwa?"

"Hata ukiwa mgonjwa."

Akanung'unika kwamba nina kichwa kigumu. Nikamwambia ndiyo, nikamuuliza kama chai yake niitie tangawizi. Akasema niitie nyingi.