Taa niliyomtengenezea mama mkwe iliwaka moto, na mimi nikasimama mlangoni

Wakuu, shikamooni wakubwa. Wadogo zangu, mambo vipi.

Huu uzi nimeuandika nikaufuta, nikaandika tena nikafuta. Leo nauacha ulivyo. Sitaongeza chumvi, maana hata bila chumvi haumezeki.

Mimi ni fundi simu, kibanda changu kipo Kalangalala, Geita. Nilikuja huku kufuata dhahabu kama wengine, dhahabu ikanikataa, nikarudi kwenye kazi ninayoijua.

Pembeni nikaanza kutengeneza taa za kichwani za wachimbaji. Naokota betri za laptop zilizokufa, nazipasua, ndani mna vibetri vya mviringo vinene kama kidole gumba cha mtu wa jembe. Vyenye uhai nachukua, vilivyolala navishtua kwa umeme kidogo mpaka vinaamka. Naviunga, naviviringisha na mpira wa ndani wa baiskeli mpaka vinakaza. Taa inawaka kuliko za dukani.

Mafundi mnajua kuna kile kijisakiti cha kulinda betri. Chaji ikikaribia kuisha, chenyewe kinakata umeme ghafla ili betri isinyonywe mpaka tone la mwisho.

Ukiwa sebuleni ni kitu kizuri. Sasa uko chini kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, una nyundo na tindo mkononi, halafu taa inakata bila hodi.

Wachimbaji walinijia juu. Mmoja akaniambia, "Fundi, mimi nataka taa inayoniaga. Ianze kufifia nijue napanda. Hii yako inaniacha gizani kama mwanamke aliyesusa."

Tukacheka. Nikaanza kuvitoa vile vijisakiti. Taa zikawa zinafifia taratibu, wateja wakafurahi, na mimi nikasifiwa mpaka kichwa kikavimba.

Wakuu, nilijua. Betri ya aina ile ukiinyonya mpaka mwisho, halafu ukaichaji, halafu ukainyonya tena, inaharibika kwa ndani na siku moja inajipiga shoti yenyewe. Siwezi kusema sikujua, nilijua vizuri kabisa. Niliwaambia wateja wasichaji karibu na wanapolala, basi, roho ikatulia.

Sasa tuje kwa mama mkwe.

Nimeoa Usukumani. Mama mkwe ni mjane, anaishi Kagongwa peke yake. Ana nyumba yake, shamba lake la mpunga, kuku wake, na ubishi wake. Yule mama anaweza kubishana na redio.

Mke wangu, Mama Shija, siku moja akaniambia, "Baba Shija, Geita nzima unaitengenezea taa. Mama yangu umeme ukikatika anashika kibatari."

Maneno yaliniingia. Nikatengeneza taa kubwa ya kutundika ukutani, betri nyingi, mpira mwekundu, nimeifunga kwa mapenzi kabisa. Kijisakiti sikuweka. Mkono ulishazoea kuruka hiyo hatua.

Kwa msiojua, huku mkwilima, yaani mkwe wa kiume, na mama mkwe wanaheshimiana mpaka basi. Hamshikani mikono, hamli pamoja, hata mazungumzo mengi yanapita kwa mke. Mimi si Msukuma ila hilo nililishika kuliko hata wenyewe.

Kwa hiyo taa nilimpa mke, mke akampa mama, na mama akashukuru kutoka chumba cha pili: "Wabeja sana, mkwilima."

Maelekezo sikutoa. Ningeanzaje kumwambia mama mkwe nini akiweke na nini asikiweke karibu na kitanda chake? Niliona haya. Nikajisemea mke atamweleza. Mke naye hakuwa na cha kueleza, kwa sababu sikuwa nimemwambia kitu.

Msimu wa mavuno uliofuata tukaenda Kagongwa kusalimia.

Alasiri moja mke alitoka na mtoto kwenda mashineni kukoboa mpunga. Nikabaki uani nahangaika na redio ya mama. Mama mwenyewe akarudi kutoka shambani, akaoga, akaingia chumbani na kufunga kwa komeo.

Nikasikia mlio kama soda inayofunguliwa polepole. Mlio ule naujua. Ikafuata harufu yake, kali halafu ina utamu wa ajabu, kisha moshi ukaanza kutoka chini ya mlango.

Nikakimbia. "Mama, toka!"

"Usiingie, mkwilima! Sijavaa!"

"Mama, fungua, hiyo ni betri!"

"Nazima mwenyewe. Usiingie!"

Nikasimama.

Namsikia anapigapiga moto kwa kitenge, anakohoa, na mimi nimesimama nje ya mlango wa mbao ambao hata mbuzi angeuvunja. Mtu mzima, baba wa mtoto, nawaza nitamwonaje mama mkwe bila nguo na watu watasema nini. Haukuwa muda mrefu. Lakini ndio muda ambao mkono wake uliungua.

Kibetri kimoja kikalipuka, akapiga yowe, na hapo ndipo nikapiga teke mlango.

Nilimtupia shuka la kitandani, nikamshika bega nikamtoa uani huku uso nimeugeuzia ukutani. Analia. Nilidhani ni maumivu, kumbe anasema, "Aibu gani hii, mkwe wangu. Aibu gani."

Nikarudi na jembe, nikaiburuta taa, iliyokuwa inachajiwa kitandani, nikaitoa nje pamoja na godoro lililokuwa linawaka. Majirani wakaja na ndoo za maji. Kila tukidhani imezimika, kibetri kingine kinaitikia.

Nyumba ilisalimika. Kitanda, nguo zake na picha ya marehemu mume wake viliungua. Mkono wake uliungua kuanzia kiganja mpaka kiwiko.

Alipotoka hospitali, ndugu wakakutana pale pale kwake. Kaka mkubwa wa mke wangu, shemeji Masanja, alitoka Nyahanga, Kahama mjini. Tulikaa sebuleni, mama akakaa chumbani nyuma ya pazia kwa sababu mimi nilikuwepo.

Masanja hakuzunguka. "Mama umri umekwenda. Nani anachaji kitu kitandani? Leo kaunguza chumba, kesho ataunguza mtaa. Nampeleka kwangu Nyahanga, hii nyumba tutafute mpangaji."

Watu wakatikisa vichwa. Nyuma ya pazia mama akasema tu, "Kama ndivyo mmeona."

Mama yule yule anayebishana na redio.

Masanja akanigeukia. "Shemeji, wewe ndiye fundi. Tuambie, si uzembe huu?"

Wakuu, alinifungulia mlango mwenyewe. Nilichotakiwa ni kupita tu, niseme kosa ni langu. Mimi nikanywa funda la chai, nikasema, "Unajua hizi betri zina tabia zake."

Masanja akasema, "Umesikia, mama?"

Wakaendelea kupanga safari. Mama akauliza kwa sauti ndogo, "Na kuku wangu atawachukua nani?"

Lile swali la kuku lilinimaliza. Mtu ameungua mkono kwa sababu yangu, anapoteza nyumba aliyoijenga na mume wake, na anachoomba ni kuku wapate mtu.

Nikaweka kikombe chini. "Shemeji, mama hana kosa. Ile taa niliitoa kinga mimi mwenyewe, nikijua kinga ni ya nini. Hata angeichajia juu ya jiwe ingewaka."

Mke wangu alijifunika kanga usoni.

Masanja akakitazama kile kikombe. "Yaani umetuacha tumseme mama hapa, wewe unakunywa chai yake?"

Nikakisogeza kikombe pembeni.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia.

"Mwacheni. Mimi mwenyewe nilijua ina kasoro, ilikuwa inachemka tangu siku za mwanzo. Niliona haya kumwambia mkwilima kuwa zawadi yake inachemka. Nikawa naifunga kitambaa chenye maji ipoe."

Jamani. Betri mbovu, halafu kila siku inalowanishwa. Mama wa watu alikuwa anaibembeleza kama mtoto mwenye homa, kisa kunistahi mimi. Nilitamani ardhi inimeze.

Mama hakwenda Nyahanga. Yuko kwake, na mwaka huu kalima, ila mkono haukunjuki vizuri na jembe analishika kwa taabu. Masanja tunasalimiana, lakini salamu yake ina baridi. Ana haki.

Nimezunguka machimboni kukusanya taa zangu. Baadhi wamerudisha, wengine wamegoma. Yule aliyetaka taa ya kumuaga aliniambia, "Fundi, kwani kufa kwa moto na kufa kwa giza vinatofautiana nini?" Sasa nazirudishia kinga, halafu naongeza kitaa chekundu kinachowaka mapema kabla umeme haujakata. Nacho kinaaga. Ningefikiria hivyo tangu mwanzo, yote haya yasingetokea. Ila kutoa kinga ilikuwa rahisi zaidi, na sifa zilikuwa tamu.

Nilichojifunza: betri haijui heshima. Haijui nani mkwe na nani mgeni, na haisubiri mtu avae. Kama kitu ni cha hatari, kisemwe kwa mdomo, hata kama mdomo unaona haya.

Juzi simu yangu iliita. Ni mama mkwe. Hajawahi kunipigia mimi moja kwa moja, siku zote anampigia mwanawe.

"Mkwilima, hii simu yangu imevimba mgongo."

Nikasimama palepale. "Mama, izime, usiichaji tena. Itoe nje, iweke mchangani mbali na nyumba. Nakuja."

"Nimeshaitoa, iko uani. Ukija niletee nyingine."

"Sawa, mama. Nitakutengenezea..."

"Hapana, baba. Ya dukani."

Nilicheka peke yangu kibandani mpaka machozi. Halafu machozi yakaendelea na kicheko kikaisha.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Mafundi, nyie hizo betri za kuokota mnazifanyaje? Na wenye matusi leteni, siyajibu.

Ila kabla hujaandika, kama hapo ulipo kuna taa au redio ya kuungaunga inachaji, iguse. Ikiwa ya moto ichomoe, itoe nje, halafu mpigie aliyekutengenezea umwambie. Hata kama ni mkweo.