Marahaba Siyo Ruhusa

Ipo siku moja haitoki kichwani mwangu, mwanangu, siku ambayo Bibi Minza alikushusha mgongoni mwake akakurudisha mikononi mwangu. Nasaha ni kazi ya wazee, najua, na mimi hata mvi moja sina. Lakini mzee ambaye angekuambia haya amehamia Nyakato kwa sababu yangu. Kwa hiyo nitakuambia mimi, na hasira zangu hizi hizi, maana sina namna nyingine ya kusema.

Ulikuwa bado unatambaa. Baba yako alikuwa ameshaondoka, habari zake tuziache. Mimi nilikuwa mpiga picha za pasipoti pale Kirumba, Mwanza, kichumba chenye pazia la bluu na stuli moja. Nilichojua ni kumwambia mtu inua kidevu, usicheke. Nilipotaka kujifunza zaidi nikakuta mafunzo yote yanafanyika mahotelini, ya watu wenye hela zao. Nikachukia. Nikasema nitaanzisha kambi yangu mwenyewe, mpiga picha wa harusi wa Sengerema apande kivuko aje akae wiki nzima, alale, ale, ajifunze, na asirudi kwao amefilisika.

Nikapanga ghala la zamani la nyavu huku Igombe, ufukweni kabisa. Vitanda vya chuma, cha juu na cha chini, vilichomelewa Nyakato. Tulikula ugali na samaki sato, na kila mgeni aliosha sahani yake. Asubuhi wanatoka kuwahi mwanga, mchana wanarudi, tunabana picha kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, kila mtu anasema anachokiona. Siku ya mwisho tunafungua mlango, majirani wanakuja kuangalia.

Bila Bibi Minza kambi isingesimama. Alikuwa mjane, Msukuma, anaanika dagaa mbele ya ghala letu. Mimi Mhaya, sina ndugu hata mmoja Mwanza, na wanawake wa pale waliniita "yule wa makamera". Siku ya kwanza tu Bibi alikuchukua bila kuombwa, akakufunga mgongoni. "Kapikie wageni wako," akaniambia. "Huyu atanisaidia kufukuza ndege." Kuanzia hapo wenzake wakaanza kunisalimia.

Sasa kosa langu hili hapa. Kila wageni wapya walipofika niliwapa kanuni: "Huku kamera haitangulii. Tanguliza shikamoo. Ukiitikiwa marahaba, piga." Nilijiona nimewafundisha adabu! Wakalipenda lile neno kama ufunguo. Wakawa wanapita ufukweni, shikamoo, shikamoo, kamera ishapanda usoni kabla mama wa watu hajamaliza kuitikia. Na nani asiyeitikia shikamoo, mwanangu? Hata mwenye hasira anaitikia. Hata mgonjwa kitandani. Niliwapa ruhusa ambayo hakuna mtu anaweza kuikataa, nikaiita heshima.

Mgeni mmoja, dada wa Dar aitwaye Vanesa, alimpiga picha Bibi amekaa kwenye jiwe lake la kupumzikia, wenzake wameenda kunywa chai, kitenge cha kazi kimechanika begani. Picha ilikuwa nzuri. Siwezi kusema uongo, ilizidi zote. Tukaichapa kubwa, tukaitundika ukutani, na chini yake Vanesa akaandika "Asiye na mtu". Mimi ndiye niliyemshikia ngazi. Nilisoma. Nikasema, "Maneno yamekaa vizuri."

Siku ya mwisho Bibi akaja na gauni lake la kanisani, wewe uko mgongoni. Nyuma yake mwanawe mkubwa, Masanja, anayefanya kazi kiwandani Nyakato, alikuwa amemletea mama yake unga. Bibi hasomi. Masanja akamsomea.

"Asiye na mtu ni nani?" Bibi akauliza.

Vanesa akatabasamu. "Ni wewe, bibi. Ni picha ya hisia."

"Watoto saba nimezaa. Huyu hapa mmoja, kabeba unga."

"Lakini bibi, uliniruhusu. Nilikuamkia, ukaitikia."

Bibi akamwacha, akanigeukia mimi. "Nimeitikia salamu. Nani kakwambia nimeitikia picha?"

Nikajibu neno ambalo najilaumu kwalo mpaka leo. Nikasema, "Bibi, ni picha tu."

"Picha tu?" Masanja akaweka unga chini. "Mama yangu hana mtu, na mimi niko hai?"

Hapo ndipo Bibi alipofungua kanga, akakushusha. Wiki ile ile Masanja akamhamishia kwake Nyakato.

Vanesa naye alirudi Dar na kamera yake. Nilimkasirikia siku mbili tatu, ikaisha, maana kanuni ilikuwa yangu. Wanawake wa dagaa wakawa wakiniona wanainama kwenye nyavu zao. Wewe ulikuwa unatambaa hadi kwenye lile jiwe, unakaa, unaangalia njia. Nilikuja kukuchukua kila mara, na hakukuwa na mtu ufukweni mzima wa kuniuliza mtoto ana nini. Nikajua maneno yale ya ukutani yalikuwa ya nani.

Nikaikunja picha, nikakubeba, tukaenda Nyakato. Bibi alikuwa anachambua mchele sebuleni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Nikabaki mlangoni. Zamani ningeshaingia. Nikasubiri neno la pili, halikuja. Nikasema, "Picha nimeileta. Ni yako. Ukitaka ichome."

Akaikunjua, akaitazama muda mrefu. "Mbona hukuniambia nivae gauni?" Kisha, "Mtoto mlete. Wewe kaa hapo nje kwanza."

Nikakaa nje. Chai ikanywewa ndani, nikisikia anakuimbia Kisukuma na wewe unacheka. Igombe hajarudi mpaka leo. Jumapili tunakwenda, wewe unaingia, mimi nangoja kizingitini.

Kambi ipo bado, na bei ni ile ile. Wageni nawaambia: salimia, halafu kaa. Omba kwa maneno, kamera ikiwa kwenye mkoba. Akitaka kubadilisha nguo, msubiri. Akikataa, msaidie kugeuza dagaa, uende zako. Picha aione yeye kwanza, na cha kuandika chini yake aseme yeye.

Na wewe mwanangu, shika hili hata kama kamera hutaigusa maishani: usichukue kitu kwa mtu ambaye adabu yake inamzuia kukukatalia. Mpe nafasi ya kusema hapana, na akisema, usinune. Ukikosea, usiseme "ni kitu kidogo tu". Mwenye kuumia ndiye anayejua ukubwa wake.

Mungu akukuze. Akupe watu, na akupe macho ya kuwaona kama walivyo. Na siku Bibi Minza atakaposema "karibu", uwe umenishika mkono, tuingie wote.