Gauni la Kushukia Lambwe

Baba yangu hakuwahi kufika mahali bila kwanza kupafikia kwa maneno. Hata safari ya kusagisha mahindi ilikuwa na mpango, na mpango ulikuwa na mpango wa pili, iwapo posho mill itakuwa imeharibika. Kwa hiyo dana, yaani nyanya mzaa mama, aliposema anataka kupelekwa kuliona bonde la Lambwe kabla macho yake hayajazimika, nilijua tumeingia kwenye shughuli.

Dana alizaliwa kule bondeni. Mbung'o na ugonjwa wa malale viliwahamisha watu wake akiwa msichana mdogo, na baadaye akaolewa upande wa Rongo, akazeekea huko. Sasa macho yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Mama ndiye aliyeleta ujumbe nyumbani kwetu Migori: mama yake hataki blanketi wala sukari, anataka tu kusimama pale mteremko wa Kanyamwa unapoanzia, aangalie chini. Miaka ya tisini ndiyo kwanza ilikuwa inaanza, na baba alikuwa amenunua pikapu kuukuu iliyokuwa na kila kitu isipokuwa nguvu.

Baba akasema sawa, tutaenda, ila tutaenda kwa usalama. Jioni hiyo hiyo alikalia meza ya kulia akajenga nchi nzima kwa vyombo. Chupa ya chai ilikuwa Rongo, bakuli la sukari Ndhiwa, na ukingo wa meza ndio uliokuwa Kanyamwa. Chini kwenye kigoda, sufuria la ugali lilikuwa Magunga, na mbali kabisa, karibu na mlango, kandambili yangu ikawa Sindo, ambako tungemalizia kwa samaki. Kiberiti ndicho kilichokuwa pikapu. Alikishusha ukingoni polepole, kwa gia ya kwanza, akinguruma kwa mdomo. Kikaanguka. Akakiokota, akasema ndiyo maana watu hupanga.

Barabara haikuwa shida kubwa. Shida ilikuwa viti. Kwetu sisi Wajaluo, mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa umbali. Hawashikani mikono, hawaketi bega kwa bega, na wale wawili wa kwetu walikuwa wamezidisha: ukiondoa salamu, sikuwahi kumsikia baba akimwambia dana neno lolote moja kwa moja. Kila kitu kilipitia kwa mama au kwangu, hata wakiwa chumba kimoja. Na pikapu ilikuwa na kiti kimoja tu kirefu mbele. Kumweka dana nyuma haikuwezekana, maana angeona vumbi na huko tulikotoka.

Mama alijitolea kukaa katikati yao. Baba akamwangalia, akasema wembamba wake hautoshi heshima. Kisha wote wawili wakanigeukia. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, ugali wa chuo ulikuwa umenikubali, na nilikuwa na upana. Ndivyo nilivyoteuliwa kuwa ukuta. Mama akapangiwa nyuma pamoja na mitungi ya maji ya rejeta na jiwe moja kubwa, ambalo angeruka nalo chini na kuliweka mbele ya gurudumu kila tutakaposimama kwenye mteremko. Alisema ameolewa kwa ng'ombe wengi mno kuwa mtu wa jiwe, lakini jiwe akalikubali.

Kiangazi cha kwanza kilipita tukitafuta tairi. Kisha mvua zikaja, na baba akasema udongo mweusi wa kule bondeni ukilowa hauachilii gari. Kiangazi kingine kikaja, baba akataka kwanza kusikiliza breki. Alizisikiliza hadi mvua zikarudi. Mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa Rongo kumpelekea dana habari, na kila mara aliniuliza swali lilelile.

"Bado anapanga?"

"Bado, dana."

"Mwambie apange tu. Lakini macho yangu hayana breki za kusikiliza."

Nilimfikishia. Baba akasema haraka ndiyo huua watu barabarani.

Safari ilipokaribia kweli, alitoa amri ya mavazi. Mbung'o hupenda rangi ya buluu na nyeusi. Hata mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Kwa hiyo wote tuvae nyeupe. Dana alikuwa na magauni mawili ya kanisani, moja jeupe na moja la buluu iliyokoza, yote yameshonwa na fundi mmoja kwa mshono mmoja. Nikatumwa tena.

"Baba anasema uvae nyeupe. Mbung'o hupenda buluu."

"Mwambie mimi na mbung'o tunajuana kabla yeye hajazaliwa," alisema. Kisha akalainika. "Lakini nitavaa. Gari ni lake."

Tulipofika kwake asubuhi ya safari, baba kwa shati jeupe lililopigwa pasi hadi likasimama lenyewe, dana alitoka mlangoni akiwa amenyanyua kichwa. Alikuwa amevaa buluu kuanzia shingoni hadi kwenye vifundo vya miguu.

"Mwambie babako nimevaa nyeupe kama alivyotaka," akasema.

Baba alilitazama lile gauni, kisha akatazama ardhi kama adabu inavyodai. Mkwe hamwambii mama mkwe kwamba anamchezea. Nami sikuwa tayari kulipeleka jibu la namna hiyo. Mama alikuwa nyuma akihangaika na jiwe. Tukapanda. Kutoka Rongo hadi Ndhiwa nilikaa katikati yao nikitokwa jasho pande zote mbili.

Ndhiwa tulisimama kuongeza mafuta. Kijana wa pampu alizunguka pikapu mara mbili akitikisa kichwa.

"Mzee, unashuka Kanyamwa na hii gari? Hiyo barabara iko na mawe mob."

"Tumejipanga," baba akajibu.

Kijana akamtazama mama pale nyuma, amekumbatia jiwe lake. "Naona," akasema.

Hatimaye ukingo ukafika. Baba alisimamisha gari taratibu, mama akaruka na jiwe, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi mambo yakaenda kama yalivyokwenda mezani. Nilimshika dana mkono akashuka. Bonde lote lilikuwa wazi chini yetu, nyasi zimeiva rangi ya dhahabu, na ng'ambo milima ya Gwassi ilikuwa imejipanga. Nilimwachia kidogo nifunge mlango. Nilipogeuka, dana alikuwa ameligeuzia bonde mgongo. Alikuwa ameelekea ubavu wa kilima, penye kichaka na mavi ya mbuzi, anatabasamu.

"Ni lile lile," akasema. "Halijabadilika."

Mama aliweka mkono mdomoni. Baba alimtazama dana, nadhani mara ya kwanza katika maisha yake alimtazama usoni, halafu akalitazama lile gauni la buluu. Niliona jambo lote likimfikia kwa mkupuo mmoja: tairi, mvua, breki. Alivua kofia.

Nilimgeuza dana pole pole, kana kwamba nataka tu asimame pazuri. Baba akasimama mbali kidogo, umbali wa heshima, akasafisha koo.

"Mwambie nyanyako nyasi zimekauka, lakini kando ya mto kuna mstari wa miti ya kijani."

"Dana, baba anasema..."

"Muulize miti imefika wapi. Zamani ilifika mpaka chini ya kile kilima cha peke yake."

"Mwambie bado inafika hapo. Na kuna wanyama. Wakubwa, rangi ya udongo, masikio marefu, pembe zimepinda nyuma."

"Ni omoro hao, swala wakubwa wa kwetu. Muulize ni wangapi."

Baba akahesabu kwa sauti. Waliendelea hivyo, na mahali fulani katikati niligundua kwamba nimenyamaza kitambo na hakuna aliyehitaji nirudie chochote. Bado kila mmoja alikuwa akisema "mwambie". Mama alikalia jiwe lake akalia.

Tulishuka kwa gia ya kwanza, madirisha yamefungwa, joto la kutuivisha. Mbung'o waliingia hivyo hivyo, sijui walipitia wapi, na wote wakatua juu ya dana. Alijipiga paja, akajipiga bega. Kisha mkono wake ukabaki pale begani, akaanza kukipapasa kile kitambaa kwa vidole.

"Nguo yangu hii ni ya rangi gani?" akauliza.

Swali lilikuwa langu, mimi ndiye niliyekuwa katikati. Nilifungua mdomo.

"Ni nyeupe, mama," baba akamjibu mwenyewe, macho barabarani.

Dana aliegemea kiti, akatulia. Mimi nilivua kitambaa changu cha kichwa, nikafukuza mbung'o juu ya lile gauni mpaka Magunga.